Nywele nyembamba za kujikunja: miezi minane ya povu badala ya siagi

Chukua unywele mmoja ulioanguka, uviringishe kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukiuhisi kama uzi wa kushonea, nywele zako ni nene, na huenda mengi ya hapa chini yasikufae. Wangu mimi siuhisi kabisa, mpaka niangalie kama bado nimeushika. Ilinichukua muda mrefu kulielewa hilo, kwa sababu kichwa changu kimejaa nywele, na kila aliyekishika aliniambia "una nywele nene wewe". Ninazo nyingi, kweli. Lakini kila mmoja ni mwembamba. Hata ule mpangilio wa Andre Walker, aliyekuwa msusi wa Oprah Winfrey, wa kuzipanga aina za nywele kwa namba 1 hadi 4 na herufi zake, haukunisaidia: kujua kwamba mimi ni 3A kuliniambia ukubwa wa viringo vyangu, si unene wa unywele wenyewe.

Basi nikafuata ushauri wa kila mtu: paka krimu, juu yake mafuta, juu ya mafuta siagi ya shea, "zifunge unyevu". Asubuhi nilipendeza. Ikifika saa sita mchana nywele zimelala juu ya fuvu, ncha zinaning'inia, nafanana na kuku aliyenyeshewa. Na nilipoona zimelala nilidhani zina kiu, nikaongeza mafuta!

Nywele za kujikunja hukauka kwa sababu mafuta ya ngozi ya kichwa hayateremki kirahisi kwenye mzunguko. Yanabaki mizizini, ncha zinakosa. Hilo ni kweli kwa wote wenye viringo. Ila unywele mwembamba hauna nguvu ya kubeba mzigo. Ukiufunika kwa siagi, uzito unaukunjua. Kwa hiyo kitu nilichobadili ni kimoja tu: nikaacha kulisha nywele mafuta, nikatafuta vitu vyepesi vya kushikilia umbo, hasa povu la nywele (mousse). Sitaji kampuni, maana nimetumia povu la watengenezaji watatu na tofauti niliyoiona ilikuwa harufu tu.

Siku ya kuosha, mara mbili kwa wiki, shampuu inaishia kwenye ngozi ya kichwa. Povu lake likiteremka kwenye ncha wakati wa kusuuza linatosha. Kondishona inaanzia usawa wa masikio kwenda chini, na hapo ndipo ninapochana, kwa chanuo la meno mapana, kuanzia nchani. Sichani tena mpaka siku nyingine ya kuosha. Zikiwa bado zinatiririka maji, natia povu la nywele kiganja kimoja, kisha jeli kama kijiko kimoja cha chai kwa kichwa kizima, nikizifumbata kutoka chini kwenda juu. Nilipokuwa nasubiri zikauke nusu ndipo nitie jeli, zilitimka kila upande. Maji yakiwepo, jeli inasambaa kidogo kila mahali, na nywele zinakaa kwa mafungu.

Taulo nimeliacha. Fulana kuukuu ya pamba inafyonza maji bila kuzisugua. Halafu draya yenye kile kikombe cha matundu mbele, moto mdogo, na sharti moja gumu kuliko yote: mikono mbali. Maji huvunja vifungo vidogo vya hidrojeni ndani ya unywele, navyo hujifunga tena unapokauka, katika umbo lolote ulilokutwa nalo. Ukizishikashika katikati, zinakauka zimechanganyikiwa. Jeli ikikauka, nywele zinakuwa ngumu zinakwaruza kama karatasi. Mara ya kwanza niliogopa nikaziosha palepale. Usioshe. Zikishakauka kabisa, zifumbate tena kwa mikono mikavu. Ule ugumu unavunjika, na viringo vinabaki laini.

Siku zinazofuata kazi ni ya dakika tano. Kuziloanisha zote ni kuanza upya, kwa hiyo napuliza maji pale tu palipoharibika, mara nyingi mbele na upande niliolalia, naviringisha mafungu mawili matatu kwa kidole, basi. Usiku nazikusanya utosini kwa kitambaa kilicholegea, juu ya foronya ya satini. Kofia ya satini nilijaribu. Ilinilazia mizizi, na asubuhi ilikuwa chini ya kitanda.

Makosa yangu makubwa yalikuwa mawili. Kwanza, nilisikia kwamba wenye viringo hawahitaji shampuu, waoshe kwa kondishona pekee. Wiki ya tatu kichwa kilikuwa kinawasha na mizizi inanata. Huenda nywele nene zinastahimili, zangu zilikataa. Wala dimethikoni, ile silikoni inayotiwa kwenye kondishona na krimu nyingi, siiogopi tena kama nilivyoogopeshwa, alimradi shampuu ipo ya kuiondoa.

La pili lilinifundisha zaidi. Nilikuwa naweka maski ya kulainisha kila ninapoosha, na baada ya mwezi na nusu viringo vilikuwa teketeke, havishiki umbo hata kwa jeli. Unywele mbichi ukiuvuta unarefuka tu, haurudi. Nikatumia matibabu ya protini ya ngano iliyovunjwa vipande vidogo, mara moja, na viringo vikaamka siku ileile. Tamaa ikaniingia. Nikarudia wiki iliyofuata, na nyingine, mpaka nywele zikawa kama fagio, ukizivuta zinakatika papo hapo. Sasa protini ni mara moja kwa mwezi, na kabla ya kuiweka navuta kwanza unywele mmoja mbichi: ukirefuka kidogo ukarudi, sigusi chochote.

Mafuta ya nazi bado ninayo, ila yamebadilishiwa zamu. Yana sifa ya kupenya ndani ya unywele, kwa hiyo napaka matone machache kwenye ncha usiku wa kuamkia kuosha, na shampuu inaondoka na yaliyobaki.

Yasiyonifurahisha yapo. Siku ya kuosha inanila dakika arobaini, draya ikiwemo. Baadhi ya jeli hazipatani na krimu iliyo chini yake, zinaacha vipande vyeupe kama mba. Jaribu kuchanganya tone la kila kimoja kiganjani kwanza, vikigandana usivipeleke kichwani. Jeli zenye glisarini nyingi zinanisumbua hewa ikiwa na unyevu mwingi, nywele zinavimba kabla sijafika ninakokwenda. Na kisogoni, karibu na shingo, kuna fungu moja lililonyooka ambalo halijawahi kunisikiliza. Nalificha kwa kulaza fungu la juu yake.

Povu ningenunua tena bila kufikiri; chupa ya nne iko nusu. Ile siagi ya shea nayo haikupotea bure, kopo lililobaki napaka visigino.