Shule ya Kikorea ya Jumamosi: mihula mitatu, nyota tatu na nusu

Nianze na karo, maana ndilo swali la kwanza la kila anayenipigia: tunalipa dola 260 kwa muhula, Jumamosi saa tatu na nusu asubuhi hadi saa sita na nusu. Madarasa yako chini ya kanisa la Wakorea hapa Duluth, Georgia, mji wenye mabango ya Hangul, yaani herufi za Kikorea, mengi hadi mgeni hudhani amepotea njia.

Mimi ni wa Mombasa. Mume wangu ni Mkorea aliyezaliwa huku huku Marekani, na binti yake, ambaye sasa ni binti yangu, ana miaka 10. Baba mtu Kikorea chake ni cha jikoni: anaelewa akiitwa kula na akigombezwa, basi. Aliyeitaka shule ni halmoni, bibi mzaa baba. Dereva ni mimi, na kwa kuwa kurudi nyumbani ni kuchoma mafuta bure, mihula yote mitatu nimekaa benchi la nyuma nikisikiliza.

Herufi wanazifundisha vizuri sana. Mwalimu, mama mmoja anayejitolea, aliwaeleza watoto kwamba Mfalme Sejong aliziunda mwaka 1443 na kuzitangaza 1446 ili hata mtu asiye na elimu aweze kusoma. Kisha akawaambia waguse meno ya juu kwa ncha ya ulimi watamke N, wausikie ulimi ulivyojikunja. Ndiyo ㄴ hiyo. M ni ㅁ, mdomo. Herufi za msingi ni 24 tu. Wiki ya tatu binti alikuwa anasoma vibao vya mikahawa kupitia dirisha la gari, hata visivyomhusu.

Matamshi ndiyo kazi. Wenye Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, mtanielewa: paa la nyumba na paa wa mwituni kwetu havitamkwi sawa, yule wa mwituni hutoka na pumzi. Wakorea nao wana *bul*, moto, na *pul*, nyasi, na tofauti ni pumzi hiyo hiyo. Nikazinasa siku ile ile, nikajiona mtu. Halafu mwalimu akaleta *ppul*, pembe. Hiyo hadi leo hainikai mdomoni.

Na adabu. Kabla ya shule binti alikuwa anamkaribisha bibi yake chakula kwa kumwambia *meogeo*, neno la kumwambia mwenzako wa rika. Ni kama mtoto wa Kibokoni, kwetu Mombasa, amkute bibi yake ukumbini amwambie "niaje" badala ya shikamoo. Sasa anasema *deuseyo*, kikombe anakipokea kwa mikono miwili, na mwaka mpya wa Seollal aliinama mpaka sakafuni. Halmoni alimpa bahasha ya pesa, akaenda kujifuta macho jikoni akisingizia vitunguu.

Sasa nyota nilizozikata.

Walimpanga na watoto wa miaka mitano. Kwa lugha ni sawa, hakujua kitu, lakini magoti yalikuwa yanagonga meza, na mwalimu mmoja alimuuliza mbele ya wote inakuwaje uso ni wa Kikorea na ulimi sio. Siku hiyo hakusema neno njia nzima. Nililalamika ofisini, nikaombwa radhi kwa Kikorea, mume wangu akanitafsiria nusu. Matangazo nayo ni Kikorea kitupu. Mara mbili tumefika tukakuta mlango umefungwa.

Kubwa zaidi ni hiyo Jumamosi yenyewe. Ukikosa mara tatu, cheti huna. Na Jumamosi kwa mtoto wa darasa la tano ndiko maisha yaliko: mpira, sherehe za kuzaliwa, kulala kwa rafiki tangu Ijumaa. Binti ana mwenzake, jirani yetu, chanda na pete tangu chekechea. Walikuwa timu moja. Muhula wa pili kile kiti cha nyuma kwenye gari la jirani kikapata msichana mwingine. Hawakugombana, na afadhali wangegombana, ningejua pa kuanzia.

Shuleni kwake kwa kawaida mambo yakageuka kinyume. Darasa la tatu, msichana mmoja alikunja pua kwa sababu ya gimbap aliyofungiwa na halmoni, wali uliokunjwa ndani ya mwani, binti akarudi kuniomba mkate na siagi ya karanga. Mwaka huu msichana yule yule anakusanya kadi za waimbaji wa Seoul, anaomba mwani na anataka kutafsiriwa nyimbo. Binti humpa kipande kimoja. Anavihesabu, nimemwona.

Kilichombakisha hakimo kwenye ratiba yao. Ni mvulana wa miaka 11, mama Mkorea, baba Mmarekani mweusi, naye amekunjwa kwenye kile kile kiti kidogo. Wawili hawa waligundua kwamba Kiingereza kinaweza kuandikwa kwa Hangul, na tangu hapo vikaratasi havikomi. Mwalimu anafurahi akidhani wanafanya zoezi.

Muhula wa nne nimelipa. Nimewaandikia ofisini kuomba Jumamosi moja kwa mwezi isihesabiwe. Hawajajibu, au wamejibu kwa Kikorea.

Juzi nikifua nilikuta kikaratasi kwenye mfuko wa suruali yake. Mwandiko si wa yule mvulana, ni wa jirani, herufi zimepinda kama za mtoto wa mwaka wa kwanza. Kumbe kamfundisha. Ilinichukua dakika nzima kuunganisha sauti hadi Kiingereza kikatoka: Jumamosi tunacheza fainali, utakuja? Nikakikausha, nikakirudisha mfukoni.