Kufuta mkavu au kumwagia maji?

Watu wengi wakisikia mtu kamwagikiwa kemikali wanawaza gari la faya na mipira ya maji, kumbe siku hizi Uingereza wakishamtoa mtu eneo lenyewe kitu cha kwanza sio maji, ni kuvua nguo, maana hapo tu sehemu kubwa ya sumu imeshatoka, halafu anafuta ngozi kwa tishu au chochote kinachonyonya, anakandamiza kwanza ndo anasugua, tena mwenyewe, bila kusubiri wale waokoaji wenye masuti ya kujikinga. Uzuri wake ni spidi.

Maji nayo yana kazi yake. Asidi we mwagia tu fasta, na vumbi la mionzi au vimelea unaosha. Ila mahema ya kuogea yanachelewa kusimama, baridi ipo, na kuvuliwa mbele za watu jamani aibu.

Mi nipo upande wa mkavu kwa kemikali nyingi. Tokyo 1995, lile shambulio la sarini (sumu ya kemikali inayoharibu neva) kwenye treni, wagonjwa waliingia hospitali na nguo zilezile wakafukizia wahudumu mvuke, baadhi wakaanza kuumwa macho. Hapo nguo zingeachwa tu mlangoni.