Rauta za MikroTik kwa matawi ya mbali: uzoefu wangu na L2TP

Mimi hizi rauta naziseti kwa ajili ya matawi yaliyo mbali na makao makuu, kazi yake rauta ipige yenyewe hadi kwenye seva ya ofisi, taneli (njia ya kuunganisha tawi na ofisi kupitia intaneti) iwe hewani, watu wa tawini wafungue mfumo wa kampuni bila kila mmoja kuhangaika na VPN kwenye laptopu yake. Kwa kazi hiyo naipa tano kwa tano.

L2TP ni itifaki inayojenga taneli hiyo, na klayenti ni upande wa tawi unaopiga. Kuunda klayenti ya L2TP ni chapchap, unaingia menyu ya PPP, unaweka anwani ya seva, jina, pasiwadi, unatiki Use IPsec (ulinzi unaosimba data isisomeke njiani) na kuweka siri yake. Hiyo Use IPsec jamani msiiruke, L2TP peke yake haifichi kitu, data inapita wazi. Add Default Route (inayopitisha intaneti yote kwenye taneli) naiacha bila tiki, naandika njia za mitandao ya ofisi tu, la sivyo hata video za tawini zitazungukia makao makuu na laini italemewa bure.

Sasa kuna hii inayosumbua wengi: taneli iko hewani, ping (jaribio la kuona kama upande wa pili unajibu) inajibu vizuri, ila ukifungua mfumo ukurasa unakuja nusu halafu unaganda, na watu wanaanza kulaumu laini. Mara nyingi ni ukubwa wa paketi. Laini ya kawaida inabeba paketi ya hadi baiti 1500, ya PPPoE (ile inayoingia kwa jina na pasiwadi ya mtoa huduma) 1492, hapo L2TP na IPsec nazo zinachukua nafasi yao, kwa hiyo paketi kubwa zinafia njiani. Hakikisha kwenye profaili ya PPP Change TCP MSS (inayopunguza ukubwa wa paketi za TCP zitoshee) iko yes, na MTU (ukubwa wa juu wa paketi) ya taneli shusha hadi 1400, kisha jaribu ping ya paketi kubwa iliyokatazwa kugawanywa.

Ninachokipenda kuliko vyote ni Safe Mode! Unaiwasha kabla hujagusa fayawoli ya rauta iliyo mbali, ukijifungia nje kwa bahati mbaya, baada ya kama dakika 9 mabadiliko yote yanarudi yalivyokuwa na unaingia tena, hakuna kusafiri.

Angalizo tu, L2TP yenye IPsec haipendi klayenti wawili nyuma ya NAT moja (yaani wanaotoka kwa anwani moja ya intaneti), wa pili akiingia wa kwanza anaweza kudondoka. Kama tawi lako liko hivyo na seva inakubali, tumia WireGuard, aina nyingine ya VPN, ipo kuanzia RouterOS 7 (mfumo endeshi wa rauta za MikroTik).