Kozi ya dizaini hapa Dodoma: nimejifunza mengi, lakini chumba cha kuchapia kimeniua

Hasira hizi ninazo tangu mwisho wa muhula. Nilijiambia nisubiri zipoe ndipo niandike, lakini hazijapoa, kwa hiyo naandika hivyo hivyo.

Ninasoma usanifu wa grafiki kwenye chuo kimoja hapa mjini. Jina silitaji, bado niko hapo na suala langu halijaisha. Ada, muda wa kozi na sifa za kujiunga utaambiwa mapokezi. Mimi nina neno kuhusu chumba kimoja tu, chumba cha kuchapia, na kaka mmoja anayekaa humo.

Nianze na haki yao. Mwalimu wa misingi ni mwalimu kweli. Muhula wa kwanza alitunyima kompyuta kwa muda mrefu, ikawa penseli, rula na karatasi, na watu wakanung'unika sana. Siku moja akasema kila mtu aje na khanga ya nyumbani, aitandike mezani aipime. Pindo lina upana gani, mji umekaaje, jina limewekwa wapi na herufi zake zina urefu gani ukilinganisha na pindo. Mimi nilichukua ya mama. Nimejifunga khanga tangu utotoni, na sikuwahi kuona kwamba pindo ndilo linaloshikilia kila kitu, ukilipunguza kidogo tu mji unaonekana kama unataka kutoka nje. Nilipomaliza kuichora ile khanga kwa rula, nikawa mtu mwingine. Nikipita Soko la Majengo nilikuwa naangalia maandishi ya ukutani kabla ya nyanya. Kuna fundi mmoja anayeandika vibao vya maduka kwa brashi, sijui hata jina lake, anajua kuacha nafasi kati ya herufi na herufi kuliko wengi wetu wenye laptopu.

Kabla ya chuo nilikuwa natengeneza kadi za michango ya harusi kwa simu. Wateja walikuwepo na walilipa. Lakini ungeniuliza kwa nini jina la bibi harusi liko pale na si kule, nisingekuwa na jibu. Sasa ninalo. Hilo nawapa, na kama ningeandika haya katikati ya mwaka ningewaambia nyote mkimbilie hapo.

Sasa mradi wa mwisho. Tuliambiwa kila mmoja atengeneze bango la A3 la kuwaita watu waje kuona kitu cha Kanda ya Kati. Wengi walikwenda kwenye zabibu, wengine treni ya SGR, wengine Nyerere Square. Mimi nilichagua Kolo. Mama yangu ni Mrangi wa Kondoa, na michoro ya miambani ya Kolo nimeisikia tangu nikiwa mdogo, lakini darasani kwetu karibu nusu hawakuijua kabisa. Eneo hilo liko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2006, lina miamba yenye michoro zaidi ya 150, na liko kwenye barabara ya lami ya kwenda Babati. Mtu anapanda basi hapa asubuhi anashuka Kolo, halafu hajui! Bango langu lilikuwa la mtu huyo.

Nilikwenda. Ofisini pale Kolo nikapewa mtu wa kuniongoza, tukapanda hadi Mungumi, penye michoro yenyewe. Ukifika juu unanyamaza. Watu waliochorwa pale ni warefu na wembamba mno, mwili mzima ni kama mstari mmoja wa rangi nyekundu, kichwa kina nywele kubwa za ajabu, mikono imeinuliwa. Pembeni kuna twiga, kuna pofu (yule mnyama mkubwa wa jamii ya swala), na kuna michoro myeupe ya baadaye iliyopita juu ya ile myekundu. Kiongozi wangu alinieleza kwamba mpaka leo wapo wanaopanda pale kwa matambiko. Nilipiga picha nikarudi, nikaanza kuifuata mistari kwenye programu, nukta kwa nukta. Mary Leakey, yule mwanaakiolojia, alikuwa Kondoa mwaka 1951 akiinakili michoro hii kwa mkono, na kila nilipochoka nilifikiri juu ya mkono wake pale mwambani, nikaendelea.

Kitu kilichonichukua muda kuliko vyote ni ule wekundu. Si nyekundu ya bendera wala ya soda, ni nyekundu ya udongo, imezeeka. Niliichanganya kwa rangi nne za uchapaji: majenta (ile pinki iliyokolea) na njano nyingi, sayani (bluu ya uchapaji) kidogo na nyeusi kidogo ya kuituliza. Nikapanga watu watatu wembamba upande wa kushoto, upande wa kulia nikauacha wazi kabisa, rangi ya mwamba tu. Chini maneno machache: "Walikuwa hapa. Njoo uwaone." Mwalimu wa misingi alipopita nyuma yangu alisimama, akaniambia, "Usiongeze kitu." Nyie mliosoma dizaini mnajua neno hilo lina uzito gani.

Sheria ya chuo ni kwamba kazi ya mwisho inachapwa ndani, kwenye chumba chao, ili wote tuwe sawa. Gharama iko kwenye ada. Sikuwa na shida na hilo.

Nilifika na fleshi yangu nikakuta foleni. Humo nilikuwa na PDF iliyokamilika, fonti zote, yaani mitindo ya herufi, nimezigeuza kuwa maumbo zisibadilike popote, na milimita 3 za ziada kila upande kwa ajili ya kukatia. Tulifundishwa hivyo na chuo hicho hicho. Zamu yangu ilipofika, yule kaka akaangalia akasema, "PDF zinaisumbua mashine. Nipe faili lenyewe." Nikamwambia, "Kaka, samahani, kwenye faili lenyewe fonti zinaweza kubadilika." Akanyoosha mkono tu. Faili la kufanyia kazi lilikuwemo kwenye fleshi, akalifungua. Kisanduku kikaja kwenye kioo kikisema fonti haipo, itawekwa nyingine. Nilikisoma mimi niliyesimama nyuma yake. Yeye alibonyeza kikaondoka. Maneno yangu yakageuka herufi nene za kawaida, zile za barua za ofisi.

Nikasema tena, "Kaka, fonti imebadilika." Kimya. Ukurasa wake kwenye kompyuta haukulingana na wangu, ulikuwa umewekwa mpana zaidi, kwa ajili ya kazi ya mtu mwingine. Badala ya kubadilisha ukurasa, akashika kona ya bango langu kwa mausi akalivuta kwa upana mpaka likajaa. Watu wa Kolo wakanenepa mbele ya macho yangu. Wale watu ambao sifa yao yote ni wembamba, wakawa na viuno na matumbo. Vichwa vikawa bapa. Nikasema kwa sauti, na hapo nadhani kila aliyekuwa kwenye foleni alisikia, "Naomba usichape!" Akachapa.

Likatoka la pinki. Pinki, jamani, ile ya vifungashio vya pipi. Wekundu wangu wote wa udongo umekwenda. Na sababu naijua, wala haihitaji utaalamu wa ajabu: mashine ile haina wino mwekundu. Nyekundu inapatikana kwa kuweka majenta na njano pamoja. Wino wa njano ukipungua, inabaki majenta peke yake. Nikamwomba aangalie wino wa njano. Akanijibu bila kugeuka, "Dada, hii mashine nimeishika kabla wewe hujajua kushika mausi. Rangi yako ndiyo mbaya. Na kwanza hivi vijiti ni vitu gani?"

Vijiti.

Mtu mmoja kwenye foleni akacheka. Yule kaka akakunja karatasi, akanipa, akasema, "Anayefuata." Aliyefuata alikuwa mwenzangu aliyechora shamba la zabibu la Hombolo. Majani yake yalitoka ya bluu. Kijani nacho ni sayani na njano, kwa hiyo ukikosa njano unapata bluu. Sasa niambieni, na yeye rangi yake ilikuwa mbaya? Tulisimama pale wawili, mmoja na majani ya bluu, mwingine na mababu wa pinki, na hakuna aliyetuambia hata pole.

Mwalimu wa mradi alilipokea bango langu, akaliangalia, akaniambia umbo limevutwa na rangi haikufikiriwa. Alama zikakatwa. Nikamwomba tafadhali afungue faili aone. Akasema, "Mteja haoni faili, mteja anaona karatasi."

Maneno hayo yana ukweli, siwezi kuyakataa. Huko nje ukimpelekea mteja karatasi mbaya humwambii kwamba kwenye kompyuta lilikuwa zuri. Lakini huko nje mchapaji namchagua mimi. Namwomba kopi ya majaribio, nikiona pinki nasimamisha, naondoka na fleshi yangu. Hapa nimefungiwa kwa mtu mmoja, simchagui, simsimamishi, halafu kosa lake linaandikwa kwenye jina langu. Huo si uzoefu wa kazi, mwalimu wangu, na nakuheshimu sana.

Kesho yake nilikwenda stesheneri moja jirani na Jamatini. Dada wa pale ni mdogo kuliko mimi. Akafungua PDF, hakuomba kingine. Akachapa kwanza kipande kidogo, akanishikia dirishani kwenye mwanga, akauliza, "Hii nyekundu ndiyo unayoitaka, au iwe nzito zaidi?" Nilitaka kumkumbatia. Bango likatoka kama lilivyo, wembamba wao, udongo wao, ule upande mtupu wa kulia ukipumua. Nimelibandika kwa mama. Chuoni nilipolipeleka nikaambiwa kazi iliyochapwa nje haipokelewi.

Nilipoanza kuandika nilikuwa na sentensi moja tu: msiende pale. Kisha nimefika kwenye habari ya khanga nikaona si haki. Mwalimu yule wa misingi peke yake anatosha mtu kulipa muhula wa kwanza, na mimi kujua njano imeisha kwa kuangalia karatasi, kujua bango limevutwa kwa kiasi gani, hayo yote wamenifundisha wao. Kama una nafasi ya kusoma misingi tu, soma. Nasema hivyo kwa moyo mmoja.

Lakini kila nikiandika "soma", nasikia "vijiti". Mtu anayeajiriwa na chuo cha dizaini anatazama michoro ya Kolo anaita vijiti, hataki kuuliza ni nini, halafu anavuta kona. Chuo kinaweka pesa kwenye kompyuta mpya, kinaweka bango kubwa getini, na chumba ambacho kazi ya kila mwanafunzi lazima ipitie kinaachwa mikononi mwa mtu asiyesoma onyo kwenye kioo. Hapana. Kwa leo sipendekezi. Kama unaweza kusubiri, subiri wabadilishe utaratibu wa kuchapa, au ulizia kabla ya kulipa: je, mwanafunzi anaruhusiwa kuchapa nje? Anaonyeshwa kopi ya majaribio? Wakikujibu kwa kuzunguka zunguka, umeshapata jibu.

Nimeandika barua kwa mkuu wa taaluma. Nimeambatanisha PDF, lile bango la pinki na lile la Jamatini, yakae mezani kwake pamoja. Mwenzangu wa majani ya bluu ameandika yake. Wengine mliochapa wiki ile mnajijua, na karatasi zenu mnazo, msizitupe. Zipelekeni ofisini kabla muhula mpya haujaanza.