Node-RED na skripti yangu ya Python: uzoefu wangu na nodi ya exec

Juu ya paa letu kuna tangi la lita 2000, na kwa miaka tulikuwa tunajua limeisha pale bomba linapoanza kukohoa mtu akiwa na povu kichwani. Nikafunga sensa ya kupima kina, nikaandika skripti (programu ndogo) fupi kwa lugha ya Python, tangi.py, inayotoa asilimia ya maji. Ikabaki kuiita kutoka Node-RED, ambayo tayari inawasha taa za nje kupitia Raspberry Pi, kompyuta ndogo.

Kwa asiyeijua, Node-RED ni programu ya bure ya kuunganisha vifaa na programu nyingine kwa kuchora; ilianzia IBM mwaka 2013. Unafungua kivinjari kwenye poti 1880, unaburuta visanduku viitwavyo nodi, unaviunganisha kwa waya. Nodi ya exec ndiyo mlango wa kutokea nje: unaandika humo amri ileile ambayo ungeiandika kwenye terminali, lile dirisha la kuchapa amri. Upande wa kulia ina matundu matatu. La juu hutoa majibu ya skripti, la kati makosa, la chini namba ya kumalizia, 0 ikiwa mambo yamekwenda salama.

Tundu la kati sikuliunganisha na chochote, nikaona halinihusu. Siku mbili sikupata jibu, kumbe Python ilikuwa inalalamika humo kwamba faili haionekani. Nilikuwa nimeandika tangi.py tu, bila njia kamili. Kwenye terminali ilikubali kwa sababu nilikuwa ndani ya folda hiyohiyo. Node-RED inayowaka pamoja na mashine haina habari na folda yako.

Baadaye nikataka skripti isifike mwisho, ikae ikisoma kila sekunde 5. Hapo unaihamisha nodi kutoka hali ya exec, inayosubiri skripti imalize ndipo itoe majibu kwa mpigo, unaiweka spawn, inayoyatoa kadiri yanavyokuja. Nikabadilisha. Kimya! Nikakagua nyaya za sensa, nikapanda hadi juu ya paa juani. Zaidi ya saa mbili zikapita, kisha mistari zaidi ya elfu ikamwagika kwa pamoja. Nodi haikuwa na kosa: Python ikiona haiandikii skrini, hulimbikiza maandishi mpaka kapu lijae. Dawa ilikuwa herufi moja:

python3 -u /home/pi/tangi.py

Kinachonitia wasiwasi ni kile kisanduku cha kuambatisha msg.payload, yaani data inayoingia kwenye nodi, mwishoni mwa amri. Ni kitamu, lakini maneno yaliyochapwa na mtu usiyemjua yakipitia hapo, mashine itayatekeleza kama amri yako. Mimi napitisha namba tu, tena nilizozichuja.

Kwa skripti inayoanza, kutoa jibu na kumaliza, nodi hii naipa tano kwa tano. Weka tu muda wa ukomo, yangu sekunde 10, maana sensa ikigoma skripti inaweza kuning'inia usiku kucha.