Uzoefu Wangu: Kutibu Tope la Vyoo kwa Chokaa Mtaani

Mtaani kwetu Temeke, jijini Dar es Salaam, maji ya ardhini yako juu na nyumba zimesongamana kiasi kwamba gari la kunyonya majitaka haliwezi kupita vichochoroni, na kwa sababu hiyo baadhi ya wakazi hungoja mvua kubwa ndipo watapishe vyoo vyao, uchafu ukaishia mlangoni kwa jirani. Nikiwa mjumbe wa kamati ya usafi, na pia mteja niliyelipia, nilifuatilia majaribio ya kikundi cha vijana kinachonyonya tope kwa pampu ya mkono aina ya Gulper, kikalitibu kwa chokaa iliyozimwa na kulianika kwenye kitanda cha mchanga na kokoto.

Pampu yenyewe ni bomba la plastiki lenye vali mbili na mpini wa kuvuta juu na chini, nayo hupita mahali popote anapopita mtu. Kinachoisumbua ni taka: kabla ya kunyonya, vijana walitumia nondo iliyopindwa ncha kuopoa matambara, mifuko ya rambo na pedi, kazi iliyochukua muda mrefu kuliko unyonyaji wenyewe. Nawasihi wenzangu tuache kutupa taka chooni, kwani wanaoziopoa ni watoto wa watu.

Chokaa hufanya kazi iwapo tu pH ya tope, yaani kipimo cha asidi na alkali, itafika 12 na kubaki hapo kwa saa 2 au zaidi, hali ambayo huua sehemu kubwa ya bakteria, wakiwemo wa kipindupindu. Pipa la kwanza lilikorogwa juu juu. Karatasi ya kipimo ilionyesha rangi sahihi juu, lakini tope la chini lilikuwa halijabadilika hata kidogo, ikabidi likorogwe upya kwa ubao hadi madonge yote yakavunjika. Tope zito hula chokaa nyingi, na mfuko ulioachwa wazi hupoteza nguvu kwa kufyonza kaboni dioksidi iliyo hewani, kwa hiyo hakuna kiwango kimoja kinachofaa kila shimo. Wakati wa kukoroga ilipanda harufu kali ya amonia, kisha uvundo ukapungua sana. Miwani na glavu ni lazima, kwa maana chokaa huunguza macho na ngozi.

Mayai ya minyoo ni sugu kuliko bakteria, hivyo sikukubali tope lililokauka lipelekwe moja kwa moja kwenye bustani za mchicha. Linahitaji kuhifadhiwa kwa miezi kadhaa na kupimwa maabara. Vilevile, tope lenye chokaa nyingi halifai kumwagwa kwenye mabwawa ya kusafishia majitaka kama ya Vingunguti, ambako usafishaji hutegemea bakteria walio hai.

Nitaendelea kuitumia huduma hii, hasa kabla ya masika, ila kila mteja adai kuona pH ikipimwa juu na chini ya pipa kabla hajatoa malipo.