Kupoza kioo cha darubini: kusubiri au kutumia feni?

Ukiitoa nje darubini ya kioo uliyoijenga mwenyewe, kioo kikuu bado kina joto la chumbani. Hewa inayokigusa hupata joto, hupanda ndani ya bomba na kupindisha mwanga. Sayari ya Zohali inacheza kama jiwe chini ya maji yanayotiririka. Wengi hudhani walikosea kusaga kioo, wakakianza upya bure! Inasikitisha, maana mara nyingi tatizo ni joto tu.

Kuiacha nje ipoe yenyewe hakugharimu kitu, na kwa kioo chembamba cha sentimita 11 kunatosha. Kioo kinene cha sentimita 20 au zaidi ni habari nyingine: kinaweza kuchukua saa kadhaa, na hewa ya usiku ikizidi kupoa, kioo kinabaki nyuma mpaka alfajiri.

Hapo mimi nachagua feni, bila kusita. Feni ya kompyuta ya volti 12, yenye upana wa milimita 80 au 120, hufungwa nyuma ya kioo na kuendeshwa kwa betri. Inapuliza mgongo wa kioo, na muda wa kusubiri unapungua sana. Lakini ukiipigilia moja kwa moja kwenye mbao, mtetemo wake utaitikisa picha. Ining'inize kwa vipande vya mpira wa baiskeli, na usizibe nyuma ya bomba kwa ubao mzima, kwani hewa itakosa njia. Unapotazama sayari, punguza kasi ya feni badala ya kuizima.